Kutoka Diploma hadi Shahada ya Uuguzi Uganda: Mwongozo Kamili kwa Muuguzi Aliye Kazini

Kabla ya kuuliza ada ya chuo chochote, pita ofisi ya utumishi mahali unapofanya kazi uulize jambo moja: kwenye muundo wa hapa kuna nafasi ngapi za muuguzi mwenye shahada, na zilizo wazi ni ngapi? Wengi hulileta swali hilo miaka mitatu baadaye, wakiwa wameshavaa joho la mahafali na deni la SACCO likiwa bado bichi.

Katika utumishi wa umma Uganda, muuguzi wa cheti yuko ngazi ya mshahara ya U7, wa diploma U5, na mwenye shahada huingilia U4. Lakini hakuna mtu anayehamishwa kutoka U5 kwenda U4 kwa sababu tu amepeleka cheti kipya ofisini. Nafasi lazima iwepo kwenye muundo, iwe na bajeti ya mshahara, itangazwe, uiombe, usailiwe. Kwa hiyo shahada inakupa haki ya kuingia kwenye foleni, na mwongozo huu umeandikwa kwa kuanzia mwisho wa foleni hiyo: kila karatasi unayoihitaji siku ya usaili hutengenezwa kabla hujaanza masomo, au wakati uko masomoni.

Chagua njia kulingana na karatasi ulizo nazo

Muuguzi mwenye diploma na usajili wa Baraza la Wauguzi na Wakunga (UNMC) ana njia iliyotengenezwa kwa ajili yake, ile ambayo wauguzi wenyewe huiita kompleshoni. Huchukua miaka miwili na nusu hadi mitatu, kutegemea chuo, kwa sababu misingi ya uuguzi uliyosoma kwenye diploma hairudiwi yote.

Njia ya pili ni shahada ya moja kwa moja, miaka minne, halafu mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini kama intani. Hii imepangwa kwa vijana waliotoka kidato cha sita, ingawa vyuo vya umma hutenga mlango kwa wenye diploma. Ukiwa na mshahara na watoto, miaka minne ya darasa la mchana na mwaka wa intani ni mzigo usiofaa kuubeba bila ufadhili. Ufadhili ukiwepo, basi hesabu inabadilika.

Muuguzi wa cheti hana njia ya mkato. Sharti apitie kwanza diploma ya nyongeza, mwaka mmoja na nusu, afanye mtihani wa kitaifa, asajiliwe, ndipo aombe kompleshoni. Akikutana na mtu anayemwahidi shahada moja kwa moja kutoka cheti bila hatua hiyo, aulize shahada hiyo itasajiliwa na nani.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata watu makini. Shahada ya afya ya umma au ya usimamizi wa huduma za afya mara nyingi husomwa wikendi, haina mafunzo ya wodini, na huonekana rahisi kuibeba. Ni shahada nzuri kwa anayetaka kuhamia kwenye miradi ya mashirika. Haikufanyi muuguzi mwenye shahada mbele ya UNMC, na tangazo la kazi linalodai shahada ya uuguzi litakuacha nje. Tumeona watu wakisoma miaka mitatu kisha kurudi kuanza upya. Amua mapema kama unabaki kwenye uuguzi au unatoka.

Kwa wakunga ni vivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Lira kina shahada ya ukunga yenyewe. Mkunga asiye na diploma ya uuguzi asijiandikishe shahada ya uuguzi kabla ya kuuliza UNMC kwa barua ni rejista gani ataingizwa akimaliza.

Vyuo na ithibati

Makerere ilianzisha idara yake ya uuguzi mwaka 1993, na masomo yake yako kwenye hospitali ya Mulago, Kampala. Chuo cha Mbarara (MUST) kina njia zote mbili, ya moja kwa moja na ya kompleshoni. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono, kina historia ndefu na wauguzi walio kazini. Aga Khan, iliyoanza Kampala mwaka 2001, ilijenga programu yake juu ya wazo la kusoma huku unafanya kazi: siku chache za darasa kwa wiki, siku nyingine uko wodini kwako. Wapo pia Clarke International, Kampala International kwenye kampasi ya Ishaka, Busitema kwa upande wa Mbale, na Muni kwa watu wa West Nile.

Jina la chuo lisikutoshe. Ingia kwenye tovuti ya Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu (NCHE), tafuta chuo, halafu tafuta programu yenyewe. Angalia mambo matatu: jina la programu liwe neno kwa neno kama lilivyo kwenye barua ya udahili, ithibati iwe bado hai, na ihusu kampasi utakayosomea. Mwaka 2023 orodha ya NCHE ilionyesha programu nyingi za vyuo mbalimbali, vikubwa kwa vidogo, ambazo muda wa ithibati yake ulikuwa umepita, na mjadala ukawa mkali nchi nzima. Piga picha ya ukurasa huo siku unayolipa ada ya kwanza, tarehe ionekane, uihifadhi. Kisha uliza UNMC kama inaitambua programu hiyo. Hizi ni idhini mbili tofauti: NCHE inatambua shahada, UNMC inatambua muuguzi.

Hati: hapa ndipo wengi hukwama

Andaa faili moja ngumu, na nakala zake zilizoskaniwa kwenye simu na kwenye barua pepe. Ndani yake ziwemo matokeo na cheti cha UCE (kidato cha nne), cha UACE (kidato cha sita) kama unacho, cheti na transkripti ya diploma, cheti cha usajili wa UNMC, leseni ya kufanya kazi ambayo muda wake haujaisha, kitambulisho cha taifa, barua ya uteuzi kazini na barua ya kuthibitishwa kazini, na picha za pasipoti.

Diploma yako ilitahiniwa na UNMEB, bodi ya mitihani ya wauguzi na wakunga ambayo kazi yake imehamishiwa kwenye bodi mpya ya UHPAB. Kama transkripti yako haijawahi kutoka, na wapo wauguzi wenye miaka minane kazini ambao hawajawahi kuichukua, anza kuifuatilia miezi kadhaa kabla ya udahili kufunguliwa. Karatasi ya matokeo ya muda huweza kukuingiza kwenye maombi, lakini haikufikishi kwenye usajili wa chuo.

Tatizo linalowaumiza watu zaidi ni jina. Chukua hati zako zote, uzilaze mezani kwa safu, usome jina herufi kwa herufi. Cheti cha UCE kinasema Nakato Mariam, cha diploma Mariam Nakatto, kitambulisho Nakato Mariam Hussein. Kwako ni mtu mmoja. Kwa karani wa udahili ni watu watatu. Herufi iliyozidi au majina yaliyogeuzwa mpangilio kwa kawaida hutatuliwa kwa hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Jina lililobadilika kabisa, kwa ndoa au kwa dini, linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na kitambulisho kifuate. Fanya hivyo kabla ya kuomba chuo, kwa sababu jina utakaloingia nalo ndilo litakalochapwa kwenye shahada, na kulirekebisha baada ya mahafali ni safari nyingine.

Leseni nayo isikusaliti. UNMC huangalia pointi za mafunzo endelevu unapoihuisha, na muuguzi aliyejifungia kwenye masomo husahau kuzikusanya. Kila semina ya hospitali unayohudhuria, andikisha jina, chukua uthibitisho.

Kama ulisomea nje ya Uganda

Wauguzi wengi wanaosoma Kiswahili hapa nchini wametoka Kongo, Kenya, Tanzania au Burundi. Kwao kuna hatua ya ziada, na inakwenda kwa ngazi. Vyeti vya sekondari hulinganishwa na UNEB, bodi ya taifa ya mitihani. Vyeti vya elimu ya juu hulinganishwa na NCHE. Taaluma yenyewe hupimwa na UNMC kabla ya kukusajili. Usiruke hata moja, maana kila ofisi itakuomba karatasi ya ofisi iliyotangulia.

Kwa aliyetoka Kongo, tofauti ya A2 na A1 ni kubwa. A2 ni ya ngazi ya sekondari, kwa hiyo usipange maisha ukitegemea itahesabiwa kama diploma ya Uganda. A1, iliyosomwa chuoni baada ya diplôme d'État (cheti cha kumaliza sekondari), ina msimamo mzuri zaidi. Hati za Kifaransa zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambulika, kila ukurasa ukiwa na muhuri, na tafsiri iambatane na nakala ya hati asili. Tafsiri ya rafiki yako anayejua Kifaransa vizuri itarudishwa dirishani.

Masomo yote ni kwa Kiingereza. Kuongea hakusumbui sana. Kinachosumbua ni kuandika insha ya kurasa kumi na kunukuu vyanzo kwa mtindo wanaoutaka. Tumia muda kabla ya muhula wa kwanza kujifunza hilo.

Kuomba nafasi

Vyuo vya umma hupokea maombi mtandaoni. Makerere na vingine kadhaa hutumia mfumo wa ACMIS: unafungua akaunti, unachagua programu, unajaza matokeo, unapakia hati, kisha mfumo unakupa namba ya malipo, PRN, ambayo unailipia benki au kwa pesa ya simu. Soma tangazo la kundi lako. Tangazo la wenye diploma hutoka peke yake, na mtu akiomba kwenye mlango wa kidato cha sita maombi yake hupotea bila mtu kumwambia.

Makosa ya kawaida hapa ni madogo. Namba ya mtihani wa UCE inaandikwa bila mwaka. Hati inapakiwa ikiwa picha ya simu yenye kivuli cha kidole. PRN inalipwa baada ya muda wake kuisha. Au mwombaji anatumia barua pepe ya mhudumu wa intaneti kafe, halafu barua ya udahili inakwenda huko. Tumia barua pepe yako mwenyewe, na uiandike mahali nywila yake.

Ruhusa kazini

Aliye serikalini anaomba likizo ya masomo kwa maandishi, na ombi linapanda ngazi: msimamizi wa wodi au wa kituo, kisha Afisa wa Afya wa wilaya, kamati ya mafunzo, halafu afisa mkuu wa utawala wa wilaya, CAO. Katika hospitali ya rufaa ya mkoa, mwisho wa ngazi ni mkurugenzi. Ambatisha barua ya udahili, ratiba ya masomo, na nakala ya barua ya kuthibitishwa kazini. Kama hujathibitishwa, malizia hilo kwanza. Likizo ya masomo ni ya mtumishi aliyethibitishwa.

Peleka ombi mapema, na kila ofisi unayoacha barua ipige muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Anayeondoka kwenda chuo kwa ruhusa ya mdomo ya dokta mwema hujikuta, dokta huyo akihamishwa, ameandikwa kuwa ametoroka kazi na mshahara umesimamishwa.

Ukipewa likizo yenye mshahara utasaini mkataba wa kurudi kuhudumu. Usisaini ukiwa umesimama kaunta. Soma ni miaka mingapi, unalipa kiasi gani ukiondoka kabla, na mdhamini wako anafungwa na nini. Anayekusainia udhamini ana haki ya kuusoma pia.

Katika hospitali binafsi au ya misheni, sheria haimlazimishi mwajiri kukupa likizo ya masomo. Unachokuwa nacho ni likizo ya mwaka: Sheria ya Ajira ya 2006 inatoa siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, yaani siku 21 kwa mwaka. Muuguzi mwenye akili huzigawa kwa ajili ya wiki za mitihani na hazigusi Krismasi. Mengine ni mazungumzo ya zamu.

Pesa

Ada unayoiona kwenye tangazo ni sehemu tu. Omba kwa chuo muundo kamili wa ada kwa maandishi, wa mihula yote hadi mahafali, ukiwemo usajili, mitihani, maktaba, mafunzo ya vitendo, usimamizi wa utafiti, na mahafali yenyewe. Kisha weka gharama ambazo chuo hakitakuandikia.

Chukua nauli. Muhula wa kawaida una wiki 15 za kufundishwa na wiki 2 za mitihani. Tuseme darasa ni siku mbili kwa wiki na unakwenda na kurudi kila siku: safari 30. Tuseme kwenda na kurudi ni shilingi 40,000. Hiyo ni 1,200,000 kwa muhula, na kwa mihula sita 7,200,000, kabla ya chakula. Mtu akiiona hesabu hiyo huanza kufikiria kulala kwa ndugu usiku mmoja katikati ya siku hizo mbili, na nauli inashuka nusu. Ongeza data ya intaneti, kompyuta mpakato iliyotumika lakini inayowaka, kuchapa na kujalidi ripoti ya utafiti, na mapato ya zamu za ziada ambazo hutazifanya tena. Hili la mwisho husahaulika kila mara, na kwa anayefanya kazi mahali pawili ndilo kubwa kuliko ada.

Kwa mkopo, anza na SACCO ya kazini, kwa kuwa makato hutoka kwenye mshahara na riba inaeleweka. Kopa muhula kwa muhula. Anayekopa ya miaka mitatu kwa mkupuo hujenga nyumba na kukosa ada. Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESFB), iliyoanzishwa kwa sheria ya 2014, hukopesha raia wa Uganda wanaosoma fani za sayansi. Soma masharti ya tangazo la mwaka husika uone kama kundi lako limo. Mashirika na majimbo ya kanisa nayo hulipia wauguzi wa hospitali zao, kwa mkataba wa kurudi.

Zamu na darasa

Kanuni ya kwanza: usifanye zamu ya usiku inayoishia asubuhi ya darasa. Ukitoka wodini saa 2 asubuhi, ukafika darasani saa 3, utakaa kwenye kiti lakini takwimu hazitakukaa kichwani, na jioni yake ukirudi wodini wewe ndiye hatari kwa mgonjwa. Darasa likiwa Alhamisi na Ijumaa, omba usiku wa Jumamosi hadi Jumatatu, na Jumatano uwe huru kuanzia mchana.

Msimamizi wa wodi mpelekee ratiba ya muhula mzima kabla hajapanga zamu za mwezi. Akiipata mapema atakusaidia; akiipata baada ya kubandika orodha ukutani unamwomba akosane na watu kumi kwa ajili yako. Ukibadilishana zamu na mwenzako, iandikwe kwenye daftari la wodi, nyote wawili msaini na msimamizi asaini. Mwenzako asipotokea na hakuna maandishi, aliyetoroka ni wewe.

Mafunzo ya vitendo ya chuo ni jambo jingine tena. Wengi hudhani saa zao za kazi zitahesabiwa. Mara nyingi chuo kinataka uende kitengo usichokijua, chini ya msimamizi wao, kwa logbuku yao, yaani daftari la kurekodi kazi za vitendo. Logbuku isainiwe siku hiyohiyo. Anayengoja mwisho wa rotesheni humkuta msimamizi yuko likizoni Fort Portal, na saini za siku moja zenye wino mmoja hutiliwa shaka hata kama kazi ilifanyika kweli.

Alama zinavyohesabiwa

Elewa hesabu hii muhula wa kwanza, usingoje wa mwisho. Krediti moja ni saa 15 za darasa, na saa mbili za vitendo huhesabiwa kama moja. Katika vyuo vingi, alama 80 na zaidi ni pointi 5.0, 75 ni 4.5, 70 ni 4.0, 65 ni 3.5; 60 ni 3.0, 55 ni 2.5, na 50 ni 2.0. Chini ya 50 ni riteki, yaani kurudia somo. Wastani wa 4.40 ni daraja la kwanza, 3.60 ni la pili juu, 2.80 ni la pili chini, 2.00 ni kupita.

Chukua muhula wenye masomo matano: utafiti, krediti 4, alama 62, afya ya jamii, krediti 4, alama 71, uongozi, krediti 3, alama 80, takwimu, krediti 3, alama 56, mafunzo ya vitendo, krediti 5, alama 76. Zidisha pointi kwa krediti: 12, 16, 15, 7.5 na 22.5. Jumla 73, gawa kwa krediti 19, unapata 3.84. Uko daraja la pili juu. Sasa tuseme mafunzo ya vitendo ulipata 66 kwa sababu logbuku ilikuwa na mapengo. 22.5 inakuwa 17.5, jumla inashuka hadi 68, na wastani ni 3.58. Umeanguka daraja kwa logbuku, huku takwimu uliyoihofia haijakugusa. Wauguzi wazoefu hudharau vitendo kwa kuwa ndiyo kazi yao ya kila siku, na hapo ndipo krediti nyingi zilipo.

Utafiti

Ripoti ya utafiti ndiyo huchelewesha mahafali ya watu wazima kazini. Chagua swali dogo lililo ndani ya uwezo wako wa kufika: wodi, kliniki au kituo unachoweza kwenda bila nauli. Jinsi wauguzi wa wodi ya watoto wanavyojaza chati za majimaji ni mada inayomalizika. Ubora wa huduma ya uuguzi Afrika Mashariki haimaliziki.

Kwenye saizi ya sampuli, karibu kila mwanafunzi hutumia kanuni ya Leslie Kish ya 1965. Z ya 1.96 (uhakika wa asilimia 95) ukiizidisha kwa yenyewe ni 3.8416, zidisha kwa 0.5 na 0.5 upate 0.9604, gawa kwa 0.0025, ambayo ni 0.05 mara 0.05. Jibu ni 384. Kisha mwanafunzi anagundua hospitali nzima ina wauguzi 150, anakaa wiki tatu akiwaza. Dawa ni marekebisho ya idadi ndogo: gawa 384 kwa 1 jumlisha 383 juu ya 150. Yaani 384 gawa kwa 3.553, unapata 108. Ongeza kidogo kwa ajili ya watakaokataa kujibu, asilimia 10 hutosha, uende na 119.

Kisha mlolongo wa vibali: msimamizi asaini pendekezo, kamati ya maadili ya utafiti inayotambuliwa na Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST) ilipitie, hospitali itoe barua ya ruhusa. Usikusanye hata dodoso moja kabla ya kibali. Data ya kabla ya tarehe ya kibali haitumiki. Kamati hukutana kwa ratiba yake, kwa hiyo ulizia tarehe za vikao na upeleke pendekezo kwa kuzifuata. Dodoso lijaribiwe kwa watu kumi mahali pengine kwanza. Kama wahojiwa ni wagonjwa, fomu ya ridhaa iwe na tafsiri ya lugha wanayoisema, Kiswahili, Luganda, Lugbara au nyingine, na kamati itaitaka tafsiri hiyo kwenye faili.

Ukishamaliza

Jina lako likionekana kwenye orodha ya mahafali, lichunguze herufi kwa herufi na uripoti kosa siku hiyo. Baada ya hapo chukua transkripti, peleka UNMC pamoja na cheti ili shahada iingizwe kwenye kumbukumbu zako kama sifa ya ziada. Kuhusu mwaka wa intani, pata jibu la maandishi kutoka chuoni na UNMC kwa kundi lako hasa, ikiwezekana kabla ya muhula wa mwisho, kwa sababu linagusa tarehe uliyomwahidi mwajiri kurudi.

Kisha faili lako la kazini. Andika barua ya kurudi kutoka masomoni, ambatisha nakala zilizothibitishwa, na uhakikishe ziko ndani ya faili, sio juu ya meza ya mtu.

Ajira za hospitali za rufaa hupita Tume ya Utumishi wa Afya. Za wilaya hupita tume ya utumishi ya wilaya. Wilayani utajaza Fomu 3 ya utumishi wa umma ya 2008, nakala tatu. Jaza kila kisanduku, hata kile kisichokuhusu, kwa kuandika kwamba hakikuhusu. Mtumishi aliye kazini hupitisha maombi kwa mkuu wake wa idara, na hapa maombi mengi hufia: yanakaa kwa Afisa wa Afya wa wilaya hadi tarehe ya mwisho inapita. Peleka wiki mbili kabla, mwambie tarehe ya mwisho kwa mdomo na kwa maandishi, na rudi kuuliza kila baada ya siku mbili.

Usaili wa nafasi ya shahada hauulizi jinsi ya kuweka kanula. Unauliza utafanya nini wodi ya vitanda 30 ikiwa na wauguzi wawili usiku, dawa zimeisha ghala, na muuguzi wa zamu amekuja amelewa. Jibu kwa mpangilio: usalama wa mgonjwa kwanza, nani unamwarifu na kwa saa gani, unaandika nini na wapi, na kesho yake unabadilisha nini. Uwe pia umesoma kanuni za utumishi wa umma na Sheria ya Wauguzi na Wakunga ya 1996, angalau sehemu za nidhamu. Fika na hati asili zote, zikiwa kwa mpangilio uleule wa nakala ulizotuma, na ile hati ya kiapo ya jina iwe juu kabisa.